Tuangalie Muwa Mbele ya Kugawa Mbegu



Tangu kurudi, wengi wetu hapa Bonde la Ruzizi tumeanza upya na mbegu ya kupewa. Mwenye kuvuna anamupa jirani vipande, jirani naye anapa mwingine. Ni kitu kizuri. Lakini muwa tunaupanda kwa kipande cha shina, na ugonjwa wa mama unaenda na mtoto. Kwa hiyo, mbele ya kukata mbegu, tufanye mambo matatu. Mupanga na macho vinatosha.

Moja, tuangalie vichwa. Kama kumetoka kitu kirefu cheusi sawa fimbo, ule unga wake mweusi ndio unaeneza ugonjwa, na upepo unaubeba. Tusikitikise. Tukifunike na mfuko, kisha tung'oe shina lote na mizizi, tuchome.

Mbili, tupasue shina kwa urefu. Ndani kukiwa wekundu wenye kukatizwa na mabaka meupe, na harufu ya uchachu kama pombe, ni uozo mwekundu. Wekundu wa karibu na tundu tu, mara nyingi ni kazi ya mdudu. Yote mbili, tusichukue mbegu pale.

Tatu ndiyo ngumu. Kila ukikatwa na kuchipuka tena, muwa unakuwa mfupi na mwembamba, na majani hayaonyeshi kitu. Watu wanasema udongo umechoka. Tuchonge kifundo cha chini cha muwa uliokomaa: vidoto vya rangi ya machungwa au vyekundu vinatupa mashaka ya ugonjwa wa kudumaza. Vikikosekana, tusifurahi haraka, juu havionekani kila mara. Jibu kamili linatoka laboratware. Ugonjwa huu unatembea na mupanga. Tukitoka shamba moja kwenda lingine, tuuloweshe mu maji ya Javel, sehemu moja kwa tisa za maji. Mbegu nayo inatibiwa mu maji ya moto ya digrii 50 kwa saa 2. Joto likizidi, macho ya muwa yanakufa. Ndiyo sababu tunaomba wafadhili kipima joto na mapipa, mbele ya mbegu mpya.

Kung'oa kunauma, zaidi kwa mwenye kungoja mwaka mzima. Tunapendekeza hivi: mwenye kung'oa asidaiwe mbegu msimu huo, na awe wa kwanza kupewa ile safi. Tukimwazibu, kesho watu wataficha, na ugonjwa utatuzunguka wote.