Simu Moja, Watumiaji Wengi: Nani Ashike Ufunguo wa Mipangilio?

Hotuba ya walimu iliyosomwa Gasorwe, Muyinga, katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni



Kila mwaka siku kama ya leo tunazungumzia chakula, maji, kuni na shule. Mambo hayo bado yapo, na wengine watayasema vizuri kuliko sisi. Kamati imetuomba sisi walimu tuseme juu ya kitu kidogo kinachoingia mfukoni, lakini ambacho kimekwisha kugombanisha majirani wengi humu kambini. Kitu hicho ni simu ya kugusa inayotumiwa na watu wengi.

Sote tunajua simu ni nini kwetu. Mwaka 2025, baada ya Goma kutekwa mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari, makumi ya maelfu ya ndugu zetu walivuka mto Rusizi kuingia Burundi. Wengi waliachana njiani, mume huku na mke kule. Waliopatana upesi ni wale waliokuwa na namba moja ambayo jamaa wote waliijua, na namba hiyo ikawa inapatikana. Kwa hiyo simu moja ya familia tatu au nne siyo anasa. Ndani yake mna sauti ya shangazi aliyebaki Fizi, fedha za Lumicash, picha za vyeti vilivyoungua nyumbani, masomo ya watoto, na ujumbe wa kumwita mtu ofisini kwa ajili ya faili lake.

Sasa, katika simu hiyo mna mlango mmoja unaofungua milango mingine yote. Huo ndio mipangilio, ambayo simu nyingi za hapa huiandika kwa Kifaransa paramètres, na alama yake ni gurudumu lenye meno. Humo ndimo mtu anapobadili lugha, anapofunga au kufungua intaneti, anapoweka namba ya siri, anapoondoa akaunti, na hata anapoweza kufuta kila kitu simu ikabaki tupu kama siku ilipotoka kiwandani.

Yafaa ieleweke kwamba wanaoharibu humo si wezi. Mara nyingi ni mtoto anayetafuta mchezo, au kijana anayejifunza. Mtoto anagusa alama ya ndege, simu inakatika na mtandao tangu asubuhi hadi jioni, na mama aliyekuwa akingojea kuitwa haitwi. Kijana anawasha data ili aangalie mpira, halafu anasahau kuizima, na yunite za familia nne zinakwisha usiku huo huo. Mwingine anabadili lugha kuwa Kichina kwa mzaha, na hakuna anayejua njia ya kurudi.

Lakini liko jambo zito zaidi. Familia nne tunazozijua zilichanga fedha zikanunua simu moja iliyokwisha kutumika. Wote walijua mchoro wa kuifungua. Siku moja kijana wa nyumba mojawapo aliubadili ili mdogo wake asicheze, kisha akausahau. Wakampa mtu aliyekuwa akienda Gitega kwa njia ya Karusi aitafutie fundi. Fundi akaifuta kwa kubonyeza vitufe vya pembeni. Simu ikawaka, ikaomba akaunti ya Google iliyokuwa imeandikwa ndani yake kabla ya kufutwa. Akaunti hiyo ilifunguliwa siku ya kununua, na hakuna aliyeandika neno lake la siri mahali popote. Simu ile ikawa jiwe. Picha za vyeti zilipotea, na majirani wale hawakusalimiana kwa muda mrefu.

Fundi hakuwaibia. Kinga ile iliwekwa katika simu za Android kuanzia mwaka 2015 ili mwizi asifaidike na simu aliyoiiba. Ni kinga njema. Ila simu haijui kutofautisha mwizi na mwenye mali aliyesahau.

Kadi SIM nayo ina ukali wake. Ikiwa imewekewa namba ya siri, ukikosea mara 3 inajifunga na kuomba namba ya PUK yenye tarakimu 8. Ukikosea PUK mara 10, kadi hiyo imekufa. Kwa Mrundi mwenye kitambulisho, kupata kadi nyingine ni kazi ya siku moja. Kwetu sisi, ambao kila karatasi ina safari yake, inaweza kuwa kazi ya majuma.

Ndugu wasikilizaji, je, tufanyeje? Wengine husema simu iwe ya mtu mmoja tu, wengine waazime. Hilo halitufai, kwa sababu fedha ilichangwa na wote. Wengine husema kila mtu awe huru, kwa kuwa sote ni wakubwa. Hilo nalo tumekwisha kuona matunda yake. Sisi tunasema hivi: kutumia kuwe kwa wote, kubadili kuwe kwa wachache waliochaguliwa.

Wazo hili si geni katika nchi hii inayotuhifadhi. Karibu na Gitega, mji ambao tangu mwaka 2019 ndio mji mkuu wa kisiasa wa Burundi, kuna kilima cha Gishora penye ngoma za kifalme. Ngoma hizo UNESCO iliziingiza mwaka 2014 katika urithi wa dunia usioshikika. Mlio wa ngoma ulikuwa wa nchi nzima, kila mwenye sikio aliusikia. Lakini kuzitunza ilikuwa kazi ya watu maalumu waliokabidhiwa. Walikuwa walinzi wa mali ya wote.

Hata katika kambi zetu tumeona mfano wake. Mwaka 2014 shirika la Bibliothèques Sans Frontières, pamoja na HCR, lilileta masanduku ya Ideas Box katika kambi za Kavumu na Bwagiriza. Ndani mlikuwa na vitabu, kompyuta na tableti za kutumiwa na watu wengi, wakubwa kwa wadogo, chini ya uangalizi wa waelekezi. Kifaa cha wengi bila mwangalizi hakidumu.

Sasa tueleze namna ya kufanya, polepole, ili kila mtu aelewe.

Kwanza, eleweni neno hili kuliko yote. Katika simu ya Android, anayejua namba ya kufungulia simu ndiye anayeweza kuibadili namba hiyo. Simu humwuliza namba ya zamani, naye anaijua. Kwa hiyo, mkimpa kila mtu namba moja, mmempa kila mtu ufunguo wa nyumba pamoja na ruhusa ya kubadili kufuli. Hapo ndipo familia zile nne zilipopotelea.

Pili, tazameni kama simu yenu inakubali watumiaji zaidi ya mmoja. Katika simu nyingi hupatikana ndani ya mipangilio, mahali palipoandikwa mfumo, kisha watumiaji. Simu nyingine hazina kabisa. Ikiwa ipo, waangalizi wabaki upande wa mwenye simu, na wengine wafunguliwe upande wao, wenye namba yao wenyewe. Mtumiaji wa pili hawezi kufuta simu nzima kupitia mipangilio yake. Upo pia upande wa mgeni, na mgeni akimaliza, aliyoyafanya yanaweza kufutwa. Angalizo: mkimruhusu mtumiaji wa pili kupiga simu na kutuma ujumbe, ataona pia orodha ya waliopigiwa na ujumbe wa wengine. Simu yenyewe hutoa onyo hilo. Lisomeni kabla ya kukubali.

Tatu, simu isiyo na watumiaji wengi mara nyingi ina kufuli la programu lililowekwa na kiwanda. Kwa kufuli hilo mnaweza kuifunga mipangilio peke yake kwa namba nyingine, tofauti na ile ya kufungulia simu. Wote wafungue simu, wachache wafungue mipangilio. Msipakue kufuli lolote mnaloliona kwenye intaneti, kwa maana mengine hujaza matangazo, na mengine ni mwivi aliyevaa nguo za askari.

Nne, mtoto akipewa simu asome, bandikeni programu ile moja kwenye kioo. Jambo hili lipo katika Android tangu mwaka 2014, na katika iPhone liko namna yake tangu mwaka 2012. Mtoto hubaki katika somo lake, na kutoka hapo kunataka namba ya siri, iwapo mmechagua namba iulizwe. Sisi walimu tunalipenda jambo hili kwa sababu somo huisha bila simu kugeuka uwanja wa michezo.

Tano, waangalizi wawe wawili, wa nyumba mbili tofauti, na ikiwezekana mmoja awe mama. Mmoja akiugua, akisafiri au akipata uhamisho kwenda nchi ya tatu, mwingine yupo. Akaunti ya Google na neno lake la siri, PUK ya kadi, na namba ya utambulisho wa simu mnayoiona mkibonyeza *#06#, viandikwe kwenye karatasi, vitiwe katika bahasha, bahasha ifungwe na kutiwa sahihi za wote. Itunzwe na mtu wa tatu anayeaminiwa. Namba ya Lumicash isiandikwe humo kamwe. Hiyo ni ya mwenye fedha peke yake, na isifanane na namba ya simu.

Hayo ndiyo ya mikono. Yako ya moyo pia.

Mlinzi wa mipangilio anaweza kugeuka mtawala. Akishika ufunguo, anaweza kuwanyima wengine simu kwa sababu ya ugomvi wa ndoo kisimani. Anaweza kuchungua ujumbe wa binti wa jirani na kuutangaza. Kwa hiyo tunasema wazi: kufunga mipangilio si ruhusa ya kusoma ya watu. Mlinzi akifungua mipangilio, afungue mbele ya mwingine, na aseme anabadili nini. Akivunja ahadi, wote wakutane, wachague mwingine, na namba ibadilishwe siku hiyo hiyo. Ufunguo usiorudishwa ni unyang'anyi.

Tena tuseme na akina baba. Wapo wanaofunga simu wakisema wanalinda mali, kumbe wanamzuia mke asiongee na ndugu zake au asipige simu kuomba msaada akipigwa. Hiyo siyo kinga tunayoizungumza hapa. Kupiga simu kubaki wazi kwa kila mtu mzima, usiku na mchana.

Kwenu ndugu wafanyakazi wa mashirika, tuna ombi. Mnapopiga namba iliyo katika faili, msidhani anayepokea ndiye mwenye faili. Ulizeni kwanza, kwa upole, mnasema na nani. Msitaje ugonjwa wa mtu, wala kesi ya mama aliyeteswa, wala habari za uhamisho, kwa sikio lisilohusika. Msiandike katika ujumbe yale ambayo msingeyabandika ukutani. Mnapoandikisha namba, ulizeni: simu hii ni yako peke yako, au ni ya wengi? Swali hilo moja linaweza kumwokoa mtu na aibu, na pengine na kifo.

Tunajua wapo watakaouliza: je, mnataka kutufungia kama watoto? Tulikimbia amri za wenye bunduki, na sasa tuombe ruhusa ya kugusa simu yetu? Swali hilo ni la haki, na jibu letu ni hili. Amri ya mwenye bunduki hukuwekea yeye, wala hukuulizwa. Kanuni hii mtaiweka wenyewe, mkiwa mmekaa pamoja, na mtaiondoa wenyewe siku mtakapoona haifai. Tofauti ya kufungwa na kujiwekea mlango ni kubwa. Nyumba isiyo na mlango haina uhuru wowote. Ina upepo tu.

Kwa hiyo tunaomba kila kundi lenye simu ya pamoja likutane juma hili. Chagueni waangalizi wawili. Andikeni karatasi, fungeni bahasha. Walimu tutakuwa shuleni kila Jumamosi asubuhi kumsaidia yeyote ambaye simu yake inamsumbua, bila malipo, na mwenye simu ataweka namba za siri kwa mkono wake mwenyewe, sisi tukiwa tumegeuka upande. Yaliyomo si yetu.

Mwenyezi Mungu awalinde waliobaki nyumbani, na siku watakapopiga, watukute tunapatikana.