Soma Onyo Kabla ya Kujibu Ndiyo



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu. Mimi ni mtumishi wa serikali, nashughulika na vyombo vidogo vya kupimia mvua. Ndani ya kila chombo mna prosesa ndogo inayoendeshwa na Linux, na vipimo vyote huhifadhiwa katika chipu ya flashi, uvumbuzi wa Mjapani Fujio Masuoka wa Toshiba katika miaka ya 1980.

Chipu hii ni kama ubao wa darasani usiokubali kufutwa neno moja. Ukitaka kusahihisha herufi, sharti ufute sehemu nzima, iitwayo bloki. Na kila ifutwapo, bloki huchakaa. Tena chipu za aina ya NAND huweza kutoka kiwandani na bloki kadhaa mbovu. Kiwanda huzitia alama ili zisitumiwe. Linux inaijua desturi hiyo: tangu 2008 inao mfumo wa mafaili uitwao UBIFS, na chini yake UBI, ambayo hugawa uchakavu kwa bloki zote na kuziruka zile mbovu.

Mimi nilikuwa sijayasoma hayo. Siku moja chombo kilikataa kuwaka. Nikaingia katika U-Boot, programu inayoitangulia Linux, nikatoa amri ya kuisugua chipu yote. Likatokea onyo: alama za kiwandani nazo zitafutika, wala hakuna njia ya hakika ya kuzirudisha. Je, niendelee? Kwa kiburi cha digrii nikajibu ndiyo.

Chombo kiliwaka, nami nikajisifu. Kumbe Linux sasa ilikuwa ikiandika hata kwenye bloki mbovu, bila kujua. Vipimo vya masika vikaharibika. Aliyegundua kosa ni fundi mwenzangu asiye na digrii, aliyeketi akakisoma kitabu cha chipu ile ukurasa kwa ukurasa. Nilikwenda kwa mkubwa wangu nikakiri.

Chipu tulibadilisha. Lakini ninyi wa Nyakahanga, watoto wa migomba na kahawa, mnajua kwamba mvua iliyokwisha kunyesha haipimwi tena.

Basi wadogo zangu, someni mpaka mwisho, hasa pale mnapodhani mmekwisha kujua.