Karani na Samaki: Maneno Yaliyosemwa Mbele ya Wanachama, Ipagala



Tumepewa heshima ya kusema mbele yenu juu ya elimu ya maisha ya samaki, na jinsi elimu hiyo inavyosaidia kutunza mali iliyomo majini. Twajua kuwa baadhi yenu mlicheka mliposoma tangazo. Ipagala hapana ziwa, na samaki tumwonaye sokoni mara nyingi amekwisha kukaushwa au kukaangwa. Walakini samaki huyo ametoka mahali, na mahali hapo hapana budi awepo mtu wa kazi kama yetu, mwenye kalamu na daftari, aandikaye samaki walioletwa mwaloni. Habari yetu ya leo ni habari ya daftari hilo. Twataka kuonyesha kwamba hesabu zake hazisemi neno la maana mpaka msomaji awe amjua samaki mwenyewe: azaa wapi, wakati gani, na akiwa na urefu gani.

Tuanze karibu na nyumbani. Mto Bubu humwaga maji yake katika bwawa la Bahi, na maji yale hupanda na kushuka kwa kadiri ya mvua. Mwaka wa ukame hubaki tope na nyasi. Mvua zikinyesha, kambare huonekana tena, na mgeni hushangaa wametoka wapi. Hapana ajabu. Kambare, zaidi ya mashavu yake, ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, kwa hiyo aweza kuishi katika vidimbwi na matope ambamo samaki wengine wangekufa. Mafuriko ya kwanza yajapo, huingia usiku katika majani yaliyofunikwa na maji, akataga mayai yake humo, nayo hushika majani. Basi mtu azibaye vijito kwa mitego katika siku zile chache za mafuriko ya kwanza hakamati samaki wa siku ile tu, bali akamata na wa mwaka ujao. Mtu huyo huyo akivua miezi michache baadaye, katika dimbwi ambalo kwa vyovyote litakauka, hadhuru sana. Wavu ni ule ule na mvuvi ni yule yule. Kilichobadilika ni mwezi. Ndiyo maana twasema kuwa sheria ya uvuvi isiyojua kalenda ya samaki hupiga gizani.

Sasa tuende ziwa Victoria, kwa kuwa huko yametendeka mambo makubwa ambayo yote yaliandikwa, na mwenye kupenda aweza kuyafuata mwaka hata mwaka. Samaki aliyependwa kupita wote katika ziwa lile alikuwa ngege. Mwanzoni mwa karne ya 20, yapata mwaka 1905, nyavu za kutega za kizungu zililetwa huko. Wavu mmoja ulikamata ngege makumi kwa usiku mmoja. Wavuvi wakaongezeka, nyavu zikaongezeka, na baada ya miaka ishirini hivi wavu ule ule ulipata chini ya kumi. Wakubwa wakaingiwa na hofu, wakamleta mtaalamu Michael Graham, ambaye alifanya uchunguzi ziwani mwaka 1927 na 1928. Taarifa yake ilipigwa chapa mwaka 1929.

Graham hakuanza kwa kutoa amri. Alipima samaki, akawapasua kuona kama wamekwisha kukomaa, akalinganisha ukubwa wao na macho ya wavu, yaani yale matundu. Akaona kuwa wavu wenye macho ya inchi 5 huwaachia wadogo wapite, na kumshika ngege akiwa amekomaa. Kwa hiyo alishauri macho yasipungue inchi 5, na tena alishauri iwepo idara moja ya ziwa zima, ya kukusanya hesabu. Shauri la kwanza likawa sheria katika miaka ya 1930 mwanzoni. Idara ya ziwa zima haikuundwa mpaka mwaka 1947, mwaka ule ule ilipoanzishwa nyumba ya uchunguzi wa samaki huko Jinja. Mabwana, sisi tunaoshinda ofisini twajua maana yake: amri ilitoka, na daftari la kupimia kama amri inafaa likachelewa karibu miaka ishirini.

Hapo ndipo twaomba uvumilivu wenu, maana jambo lenyewe ni la kikarani. Tuseme karani wa mwalo aandika kila jioni uzito wa samaki wote. Mwaka huu jumla ni ile ile ya mwaka jana, naye afurahi. Lakini je, mwaka jana zilikuwako nyavu ngapi? Ikiwa zimekuwa mara mbili, basi kila wavu umepata nusu, na samaki wapungua ingawa jumla haikusogea. Kwa hiyo wataalamu hawaulizi kwanza jumla. Huuliza samaki wangapi kwa wavu mmoja kwa usiku mmoja. Na hata hapo pana mtego. Katika miaka ya 1950 nyavu za nailoni ziliingia badala ya zile za nyuzi za kitani. Nailoni hukamata zaidi, haiozi upesi, na samaki haioni sana majini. Karani aliyeandika "wavu 1" jana kwa kitani na leo kwa nailoni ameandika neno moja kwa vitu viwili. Hesabu ya samaki kwa wavu huweza kupanda mwaka ule, na ziwani samaki wakawa wamepungua.

Hata hivyo katika miaka hiyo ya 1950 wavu wa inchi 5 ulishuka chini ya ngege wawili kwa usiku. Wavuvi walikwisha kuanza nyavu za macho madogo zaidi, kwa kuwa ndizo zilizoleta chakula. Tusiwalaumu upesi, mtu mwenye watoto hawezi kula sheria. Tena ziwa lile lina samaki wa namna nyingi, wengine wadogo kwa maumbile hata wakiwa wazee, na kwao inchi 5 ni mlango wazi. Kipimo kimoja kwa samaki wote kilikuwa chepesi kuandikwa na kigumu kutetewa. Sheria ile ikafutwa Uganda na Tanganyika mwaka 1956, na Kenya mwaka 1961. Ningu naye alikuwa na mwenendo mwingine kabisa: hupanda mito wakati wa mafuriko ili kuzaa. Wavuvi wakatega nyavu midomoni mwa mito, wakawakuta wamejaa mayai. Samaki aliyekuwa akilisha watu wengi wa kando ya Nzoia na Kagera akawa adimu. Kwa ningu, kufunga mlango wa mto kwa majuma machache kungaliweza kufaa kuliko kubishana juu ya inchi.

Kisha likaja jambo la sangara. Graham alikwisha kuonya mwaka 1929 kuwa ni hatari kubwa kuleta samaki mla samaki kutoka maji mengine bila uchunguzi wa kutosha. Sangara walitiwa ziwani kwa siri upande wa Uganda mwaka 1954, na baadaye hadharani katika miaka ya 1960 mwanzoni. Furu, wale samaki wadogo waliokuwa namna mamia, walitoweka namna nyingi mno katika miaka ya 1980. Ni kweli kwamba sangara ameleta viwanda na fedha za kigeni, wala hatutaki kujifanya kuwa hatukuona faida hiyo. Lakini ngege leo ni wa kutafutwa katika viziwa vya kando, kama Kanyaboli huko Kenya.

Turudi kwetu. Katika barabara iendayo Iringa lipo bwawa la Mtera, ambamo Ruaha Mkuu na Kisigo hukutana, lililomalizika kujengwa yapata mwaka 1980 kwa ajili ya umeme. Likijaa hupita kilometa za mraba 600, na maji hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Mashine huruhusiwa kuyashusha mpaka mita 690. Mita nane na nusu! Sasa mfikirieni perege. Dume huchimba kiota chake katika maji mafupi ya kando. Jike hutaga humo, kisha huyachukua mayai kinywani na kuyalea huko, na makinda yakitoka hukaa kando kando penye maji mafupi. Maji yakishushwa upesi majuma hayo, viota hubaki nchi kavu. Mwaka 2006, ukame ulipolipunguza bwawa hata nchi ikaingia katika mgawo wa umeme, kila mtu alihesabu saa za giza. Na Ruaha Mkuu wenyewe, tangu miaka ya 1990 mwanzoni, umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi kabla ya kufika Mtera. Mvuvi wa Mtera akipata kidogo, huenda kosa si la wavu wake. Huenda ni la maji. Kumnyang'anya wavu hakutaongeza hata inchi moja ya maji.

Hombolo, bwawa lililojengwa mwaka 1957, lina ugonjwa mwingine: udongo wa mashamba na makorongo hulijaza mwaka hata mwaka. Huko mtunzaji wa kwanza wa samaki ni mkulima wa mlimani.

Kwa kawaida kipimo cha maji husomwa kwa ajili ya umeme au maji ya kunywa, na hesabu ya samaki huandikwa kwa ajili ya ushuru, nazo hukaa katika vitabu mbalimbali vya ofisi mbalimbali. Twaomba wanachama walio kazini karibu na Mtera, Hombolo na Bahi waongeze katika daftari la mwaloni safu nne: idadi ya nyavu, macho yake kwa inchi, nyavu ni za uzi gani, na urefu wa samaki kumi wa kwanza wa siku. Safu ya tano iwe ya kimo cha maji siku hiyo, kilichoombwa kwa mwenzake wa ofisi ya pili. Penye perege jike mwenye mayai kinywani, aandike alama ndogo pembeni. Mwaka mmoja wa alama hizo utatuonyesha majuma ambayo perege wa Mtera huzaa, na hapo tutaweza kwenda kwa wakubwa wa maji na wakubwa wa samaki, tukiwa na karatasi moja mkononi badala ya mbili.