Je, Mti Huu Umekufa?



Tangu mwishoni mwa 2020 hata mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika sehemu kame za nchi yetu. Twaikumbuka mizoga ya ng'ombe kando ya njia. Mvua iliporudi 2023, miti mingine ilichipuka, mingine ikabaki mikavu. Hapo shoka likatafutwa, maana makaa ni fedha, na karo ya watoto haingoji.

Lakini kabla ya kukata, na tuutazame mti kwa ndani. Maji hupanda kutoka mizizini kwa mirija myembamba sana, yakivutwa na majani. Udongo ukikauka mvuto huzidi, hewa huingia katika mirija, na maji hukatika, kama bomba la nyumbani lililoingiwa na hewa. Mara nyingi mirija mipana ndiyo hukatika kwanza.

Mvua ikirudi, mirija mingi iliyojaa hewa haiponi tena. Mti hauna budi kuunda mipya. Kazi hiyo hufanywa na utando mwembamba ulio chini ya gome, nao hutumia wanga uliowekwa akiba katika chembe hai zilizo kati ya mirija. Hapo ndipo miti hutofautiana. Paini na saiprasi zina chembe hizo chache, na zikikatwa kisiki hakichipuki. Migunga mingi ina akiba kubwa zaidi, tena huchipuka shinani. Mbuyu nao umepita kiasi: zaidi ya nusu ya mwili wake ni chembe laini za kuweka akiba, hata haufai kupasuliwa mbao! Nao huweza kutoa majani mvua haijanyesha bado.

Ayubu, katika sura ya 14, aliutaja mti uliokatwa ambao huchipuka tena unaponusa maji. Alisema hayo kwa uchungu, kwa kuwa aliona mwanadamu hana bahati hiyo. Tusiyageuze upesi kuwa faraja.

Basi jirani akiuliza kama mgunga wake umekufa, na akwaruze gome kwa kisu, akianzia matawini na kushuka mpaka karibu na ardhi. Akiona ukijani na unyevu, mti u hai. Aungoje msimu mzima wa mvua. Wala mwaka huo asikate matawi mabichi kulisha mbuzi, kwa maana majani hayo ndiyo yanayoirudisha akiba iliyotumika.