Juu ya nini wale wa ziwani wanagonjwa zaidi?



Kuna neno linazunguka: eti wale wa pembeni ya ziwa wanakula sanduku la ugonjwa kuliko wengine, basi walipe mchango mara mbili. Wengine wanaongeza kwamba waliotoka kambini Tanzania damu yao imekuwa laini. Tuangalie vizuri mbele ya kupiga kura.

Kolera haiulizi mtu alitoka kambi gani. Inapita kwa maji na chakula vyenye uchafu wa mgonjwa. Nyumba moja iko na robine, ingine mama anateka ziwani na bidoni. Namna gani hesabu ya wagonjwa iwe moja? Badilisheni watu wa hizo nyumba, ugonjwa utabaki kwenye maji mabaya. (Na isisahauliwe: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, anywe huku mnamkimbiza kwa munganga. Kolera inaweza kuua kwa saa chache.)

Malaria ni shauri lingine, na hapa kweli mwili unahusika. Mtu aliyekulia bonde la Ruzizi, anaumwa na mbu kila mwaka, mwili wake unajifunza kuvumilia. Kijana wa juu Minembwe, kwenye baridi na mbu kidogo, akishuka huku homa inamwangusha vibaya, hata akiwa na nguvu ya kubeba gunia. Hata mzaliwa wa Ruzizi akikaa miaka mingi mbali na malaria, ule uvumilivu unapungua. Na wale wa Nyarugusu? Kigoma malaria iko tele! Hiyo habari ya damu laini haisimami.

Tena daftari letu linahesabu nani alikuja kuomba pesa, si nani aligonjwa. Anayeishi karibu na kituo cha afya anaandikwa haraka. Wa mbali ananunua vidonge sokoni, ao anafia nyumbani, na jina lake halionekani.

Mimi naomba mchango ubaki sawa, tununue dawa ya kusafisha maji kwa wanaoteka ziwani, na vyandarua vya kwanza viende kwa watoto wadogo, mama wenye mimba na familia zilizoshuka juzi kutoka milimani. Wafadhili nao, mkituomba ripoti, msiulize tu wagonjwa ni watu gani. Ulizeni wanateka maji wapi.

Kura ni kiisha mapumziko. Daftari liko hapa mbele kwa mwekahazina, mwenye kutaka kulisoma aje.