Majina ya Marehemu Askari Wetu ni Deni la Haki

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei, Bigwa)



Ndugu wapendwa, wengi wenu mmefika hapa kwa barabara iendayo Matombo hadi Kisaki. Sisi tunaifahamu kwa ndizi na machungwa yanayoshuka milimani. Lakini tarehe 26 Agosti 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Morogoro, Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea kusini, na mwezi Septemba watu walikuwa wakiuana Kisaki. Pande zote mbili zilitegemea vichwa na mabega ya wapagazi waliobeba unga, risasi na majeruhi. Waingereza peke yao waliandikisha watu wanaokaribia milioni moja, na waliokufa wanakadiriwa kufika 95,000, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo, ambalo tunalitamka kila tunapokwenda kununua kitu Dar es Salaam, limetokana na kikosi hicho cha wapagazi.

Mzungu aliyeuawa alipewa kaburi na jiwe lenye jina lake. Mpagazi hakupewa. Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927, yawakumbuka Waafrika wote kwa jumla bila kumtaja hata mmoja. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri ubaguzi huo na kuomba radhi. Radhi ni njema, ila mjane wa mwaka 1919 ambaye mshahara wa marehemu mumewe haukumfikia, kwa kuwa jina halikuonekana kitabuni, hakuisikia. Hapo ndipo karatasi inapokuwa suala la haki.

Tusidhani kwamba yote yamepotea. Nchini Kenya, vitabu vya zamani vya askari wa King's African Rifles vilikutwa vimehifadhiwa na jeshi. Vikaanza kupigwa picha na kuingizwa kwenye kompyuta, na humo yakapatikana majina zaidi ya 3,000 ya marehemu ambao hawakuwa wamekumbukwa popote. Na mjini Cape Town, Januari 2025, ulizinduliwa mnara wenye majina zaidi ya 1,700 ya vibarua weusi waliofia vitani humu Afrika. Kila jina lilitoka katika karatasi ambayo mtu fulani hakuitupa.

Je, sisi tunazo karatasi? Tunazo. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 535, inaiagiza kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu, na ivitunze kwa uangalifu vile vya kale. (Nasema hili nikijihukumu mwenyewe: nimewahi kufungua kabati nikakuta mchwa wamefika mwaka wa ubatizo kabla yangu.) Majumbani kwenu pia mna vyeti, barua, nishani na picha za waliokwenda Burma katika Vita Kuu ya Pili, na za vijana wetu waliopigana vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979. Hao wa Kagera sasa ni wazee, na kila msimu tunawazika.

Tobiti aliwazika ndugu zake kwa kuhatarisha maisha yake. Sisi hatuombwi kiasi hicho. Kila jumuiya ndogo ndogo ichague vijana wawili wenye simu nzuri. Waende kwa familia, waombe ruhusa, wapige picha kila ukurasa mchana penye mwanga, nyuma na mbele, na waandike jina la marehemu, kijiji chake na jina la aliyetoa habari. Nakala moja ibaki kwa familia, nyingine parokiani, nyingine ipelekwe mahali pengine mbali, maana simu huibiwa na kompyuta hufa. Karatasi yenyewe isiondoke nyumbani kwa mwenyewe, hata akija mgeni mwenye barua nzuri kiasi gani. Na mambo ya siri ya familia yasisambazwe.

Makatekista watapokea orodha za kwanza kabla ya mwezi wa Novemba, ili majina hayo yasomwe katika Misa ya kuwaombea marehemu.