Kanuni za Mikutano ya Baraza la Jiji: Mazungumzo Yaliyotolewa Lanet

Maneno yafuatayo yalisemwa na mfasiri mmoja wa Serikali mbele ya wakazi wa Lanet, karibu na Nakuru. Twayachapisha hapa kwa faida ya wasomaji wetu wasioweza kuhudhuria.



Nimeombwa niseme habari za kanuni ziongozazo mikutano ya baraza la jiji, na jinsi iwapasavyo wajumbe wake kuenenda. Nilipopewa kazi hii nilidhani itakuwa nyepesi, maana kila siku mezani kwangu hupita karatasi za namna hiyo. Lakini kufasiri jambo ni mbali na kulieleza. Mfasiri aweza kulipita neno asilolielewa kwa kuliandikia neno linalofanana nalo, na msomaji asijue. Msemaji asimamaye mbele ya watu hana pa kujificha.

Kwanza yafaa niondoe shaka moja. Wengi wenu mngali mnasema "baraza la madiwani", na vijana wetu husema "kanjo", hasa wanapomkimbia askari wa mji. Nakuru ilipata hadhi ya mji mdogo mwaka 1904, ikawa manispaa mwaka 1952, na tarehe 1 Desemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliitunuku hati ya kuwa jiji, la nne katika Kenya baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Lakini jiji hili halina meya wala madiwani. Mabaraza ya namna ile yalikoma uchaguzi wa Machi 2013 ulipofanywa chini ya Katiba ya mwaka 2010. Mahali pake pana vyombo viwili. Kimoja ni Bunge la Kaunti, ambalo kata 55 za Nakuru hupeleka wajumbe wake, nayo kata yetu ya Lanet/Umoja ni mojawapo. Cha pili ni bodi ya jiji, iliyowekwa na Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011. Wajumbe wa bodi hawazidi kumi na mmoja, nao hawapigiwi kura na wananchi. Chini yao yupo meneja wa jiji afanyaye kazi za kila siku. Basi mtu atokaye Lanet kwenda mjini kumtafuta meya apoteza nauli yake bure.

Hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliona wakazi 570,674 mjini Nakuru. Watu kumi na mmoja wakiketi mezani kwa niaba ya nusu milioni na zaidi, hapo ndipo kanuni zinapokuwa jambo la maana kwa mama auzaye mboga kando ya barabara. Yeye hamo chumbani. Kilichomo chumbani kwa niaba yake ni kanuni.

Kanuni ya kwanza kabisa ni ile ya akidi, yaani idadi ya wajumbe inayopasa kuwapo ili mkutano uwe halali. Katika Bunge la Taifa Katiba yataka wajumbe hamsini, na katika Seneti kumi na watano. Wengine huona hesabu hii kuwa ni ukaidi wa makarani tu. Sivyo. Fikirini watu watatu waliobaki chumbani jioni, wenzao wamekwenda nyumbani, nao waamue kwamba soko lihamishwe. Kwa akidi, uamuzi huo ni bure kama hundi isiyotiwa sahihi.

Kisha yuko mwenyekiti. Katika Bunge la Kaunti huyu huitwa Spika, naye huchaguliwa na wajumbe kutoka miongoni mwa watu wasio wajumbe. Kila asemaye husema naye, wala hawasemezani wao kwa wao. Wageni wengi wachekao desturi hii hawajaona mkutano usiokuwa nayo. Mjumbe hamwambii mwenzake, "Wewe umesema uongo"; husema, "Bwana Spika, hesabu aliyoitaja Mheshimiwa haikubaliani na karatasi niliyo nayo." Maneno yale ni yale, lakini yakipitia kwa mwenyekiti hupoa njiani kama uji umiminwao kutoka kikombe hadi kikombe.

Yuko mtu mmoja wa Marekani ambaye habari zake zafaa zijulikane hapa Lanet, kwa kuwa sisi twaishi ubavuni mwa kambi ya jeshi, naye alikuwa askari, ofisa wa wahandisi, jina lake Henry Robert. Mwaka 1863, katika mji wa New Bedford, aliombwa ghafula aongoze mkutano kanisani. Hakujua la kufanya, na mkutano ukamvurugikia mbele ya macho yake. Aibu ile ilimkaa moyoni hata akaanza kusoma taratibu za mabunge, na mwaka 1876 akatoa kitabu cha kanuni za mikutano kinachotumiwa na vyama vingi vya Marekani mpaka leo. Sisi katika Kenya hatufuati kitabu chake; kanuni zetu zimetoka katika Bunge la Uingereza. Lakini mimi humpenda mtu huyu, kwa sababu hakujifanya kwamba alikuwa anajua.

Na kwa kuwa nimetaja kambi, wazee wanakumbuka Januari 1964, askari wa kikosi cha 11 cha Kenya Rifles walipoasi hapa Lanet siku chache baada ya wenzao wa Tanganyika na Uganda. Walikuwa na malalamiko juu ya mishahara na juu ya maofisa Waingereza waliokuwa wangali wakiwaamuru. Malalamiko hayo hayakuwa na mlango wa kupitia, yakatoka kwa bunduki, na kikosi kikavunjwa.

Sasa nije kwenye hoja. Jambo haliwi la baraza mpaka mjumbe mmoja alitoe kama hoja na mwingine aliunge mkono. Baada ya hapo hujadiliwa, hurekebishwa ikiwa lazima, kisha hupigiwa kura. Kura zikilingana, katika Bunge letu hoja huwa imeanguka, na Spika hana kura. Katika mabaraza ya miji ya Uingereza ni vingine: mwenyekiti hupewa kura ya pili ya kukata shauri. Kwangu mimi desturi yetu ni bora, maana mtu apimaye mizani asiwe na jiwe lake mfukoni.

Baada ya kura huja kumbukumbu, na hapa naomba mnivumilie niseme jambo linalonihusu mimi mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kumbukumbu za kikao fulani nizifasiri. Sitasema kilikuwa kikao cha nani, wala mahali. Wakazi wa mtaa mmoja walikuwa wamepeleka ombi la kupelekewa bomba la maji. Kumbukumbu za Kiingereza zilitumia neno fupi ambalo maana yake ni kwamba wajumbe wamelisikia ombi, basi, hawakuamua lolote. Mimi nilikuwa na haraka. Niliandika, "Ombi limepokelewa." Wakazi waliposoma "limepokelewa" walifahamu "limekubaliwa", na nani angewalaumu? Walichanga fedha, wakachimba mtaro wao wenyewe mpaka ukingoni mwa barabara kuu ili mafundi wakija wakute kazi imekwisha anza. Mafundi hawakuja. Mvua za masika zilikuja.

Mzee mmoja wa mtaa ule alinifuata ofisini, karatasi ameikunja vizuri ndani ya mfuko wa koti. Hakugomba. Aliniuliza, "Mwanangu, hapa umeandika limepokelewa. Aliyelipokea ni nani, na amelitia wapi?" Sikuwa na jibu. Tangu siku ile, nikikutana na neno hilo naandika, "Wajumbe walilisikia ombi lakini hawakutoa uamuzi." Ni maneno sita badala ya moja, na mkubwa wangu wa kazi aliwahi kulalamika kwamba napoteza karatasi.

Kwa hiyo msomapo kumbukumbu msishibe kwa maneno matamu ya juu juu. Tafuteni nani alitoa hoja, nani aliunga mkono, kura zilikuwa ngapi, na nani ameagizwa kulitenda jambo lile, kwa fedha za fungu gani. "Kuahirishwa" si "kukataliwa", na jambo lililoahirishwa laweza kurudi kwenye ajenda mtu akilikumbusha. "Kupelekwa katika kamati" laweza kuwa jambo jema sana, ama laweza kuwa kaburi. Hutegemea kama kamati imepewa siku ya kuleta jawabu. Ikiwa hakuna siku iliyotajwa, ulizeni siku. Na mtu akinyimwa karatasi, iko Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, ambayo yampa ofisa aliyeombwa habari siku 21 za kujibu. Andikeni barua, mbakize nakala.

Kuhusu mwenendo wa wajumbe nitasema machache, kwa sababu mengi ni yale mliyofunzwa na mama zenu: kufika kwa wakati, kutokatiza neno la mwenzio, kutotukana. Liko moja tu ambalo mama hawezi kumfunza mtoto, nalo ni la maslahi. Mjumbe ambaye yeye, au mkewe, au kampuni yake atafaidika na jambo linalojadiliwa, hana budi kulitangaza wazi kabla ya majadiliano. Kwa Bunge la Taifa na Seneti Katiba imesema waziwazi kwamba mjumbe asipige kura katika jambo lenye faida ya fedha kwake. Tuseme bodi yajadili zabuni ya magari ya kuzoa taka, na mjumbe mmoja ana malori. Si dhambi kuwa na malori. Dhambi ni kuketi kimya ukiinua mkono. Kadhalika zawadi: ofisa wa dola apewapo zawadi katika shughuli ya umma, Katiba yasema zawadi hiyo ni mali ya Jamhuri. Saa ya ukutani, mbuzi, au gari, ni mamoja.

Watu huniuliza, je, sisi tusio wajumbe tuna nini? Tuna mengi, na yameandikwa katika Nyongeza ya Pili ya sheria ile ya 2011, ambayo nadhani ndiyo sehemu isomwayo kidogo kuliko zote kwa kuwa iko mwisho. Imesema kwamba mkazi ana haki ya kupeleka maoni au malalamiko kwa bodi kwa maandishi au kwa mdomo, kupitia kwa meneja wa jiji. Ana haki ya kujibiwa upesi. Ana haki ya kuarifiwa maamuzi yanayogusa mali yake. Na ana haki ya kudai kwamba bodi na kamati zake ziendeshe mambo bila upendeleo na bila uchafu wa faida ya mtu binafsi. Angalieni neno "kudai". Sheria haikusema kuomba. Na Katiba yataka vikao vya Bunge la Kaunti viwe wazi kwa watu wote na kwa waandishi wa habari, isipokuwa Spika aone sababu ya pekee, na sababu hiyo iwe ya haki.

Haikuwa hivyo siku zote. Sheria ya manispaa ya mwaka 1928, iliyofuata tume ya Bwana Feetham, iliyaweka mabaraza ya miji mikononi mwa Wazungu hasa, na Wahindi kiasi. Mwafrika alilipa kodi na kufagia chumba cha mkutano. Kule mashambani kulikuwa na mabaraza ya wenyeji, lakini mwenye kiti alikuwa D.C., na mwenye kiti ndiye ashikaye ajenda.

Lugha pia ilikuwa ukuta. Mwaka 1974 Rais Jomo Kenyatta aliamuru Kiswahili kitumike Bungeni, na wajumbe wengi walitoka jasho siku hizo. Sasa Katiba imezitaja lugha tatu rasmi za Bunge: Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Sisi wafasiri hupata taabu kidogo na vyombo vya Bunge, lakini vingine vimepata majina mazuri. Ile fimbo ya enzi iwekwayo mbele ya Spika huitwa siwa, jina la baragumu kubwa za pwani kama ile ya pembe za ndovu ya Pate na ile ya shaba ya Lamu, zilizopulizwa katika sherehe za wakubwa. Siwa ya Bunge hailii. Hata hivyo tumeona katika bunge moja na jingine wajumbe wakiigombania kama watoto wagombaniavyo mpira, kwa sababu isipokuwapo kikao hakiendelei.

Bwana Mwenyekiti, naona umekwisha tazama saa mara mbili, nawe umenipa zaidi ya dakika nilizoahidiwa. Yako maswali, yule mama wa safu ya tatu ameinua mkono tangu nilipotaja mtaro wa maji, na nadhani neno lake ni zito kuliko langu. Nakurudishia kikao, na maswali yote yapitie kwako.